Akirudia Dawa, Je, Toba Yake Ilikuwa ya Uongo? Somo Kutoka Filamu ya Beautiful Boy

Bismillahir Rahmanir Rahim. 

Ndugu zangu wanafunzi, somo letu safari hii linahusu swali ambalo wengi wetu tunalijibu haraka mno. Mtu ametubu mbele ya watu, ameacha dawa za kulevya, amekuwa wa safu ya mbele katika swala ya alfajiri. Baada ya miezi kadhaa anaonekana tena kule alikotoka. Je, tuseme nini juu ya toba yake?

Hosteli na hata barazani msikitini, jibu huwa jepesi: "Alikuwa anatuigizia." Mimi nasoma shahada ya Taaluma za Kiislamu, na kadiri ninavyozidi kusoma mlango wa toba ndivyo ninavyozidi kuona kwamba jibu hilo halitoki katika vitabu vyetu. Linatoka katika hasira zetu. Nimeamua kulieleza jambo hili kwa kupitia filamu moja ya Kimarekani, kwa sababu filamu hiyo imeusimulia uraibu bila kudanganya, na kwa sababu mambo mengi iliyoyaonesha yana mwanga wake katika Qur'ani na Sunna.

Kabla hatujaendelea, natoa tahadhari. Filamu hii ina matusi mengi, inaonesha wazi watu wakijidunga na kuvuta dawa, na ina sehemu zisizofaa kutazamwa na Muislamu. Siandiki ili kila mmoja akaitafute. Ninayoyaeleza hapa yanatosha kwa somo letu. Na aliye katika safari ya kuacha dawa asiiangalie kabisa, maana kuona tu vifaa vya kutumia dawa kunaweza kumwamshia hamu aliyokuwa ameishinda.

KISA KWA UFUPI

Beautiful Boy ilitoka mwaka 2018. Mwongozaji wake ni Felix van Groeningen wa Ubelgiji. Imetokana na vitabu viwili vya kumbukumbu za kweli: kimoja kimeandikwa na David Sheff, mwandishi wa habari wa California, na kingine kimeandikwa na mwanawe, Nic Sheff. Baba anaigizwa na Steve Carell, mwana anaigizwa na Timothée Chalamet. Kwa hiyo kisa kimesimuliwa na wawili: aliyekuwa akisubiri nyumbani usiku kucha, na aliyekuwa nje akitumia.

Nic ni kijana hodari. Anasoma vitabu vingi, anaandika, anachora, anawapenda wadogo zake. Wazazi wake waliachana akiwa mdogo, akawa anasafiri kwa ndege kati ya baba na mama, lakini hakukosa chakula, shule wala upendo. Baba na mwana wana neno lao la kuagana, lenye maana kwamba kila mmoja anampenda mwenzake kuliko kila kitu kilichopo duniani.

Kijana huyu anaanza na bangi, anapitia dawa nyingine, anafika kwenye methamfetamini, na hapo anashikwa. Baba anampeleka kituo cha tiba. Anatoka, anatoroka, anatafutwa mitaani. Anaanza chuo, anarudia. Anahamia Los Angeles kwa mama yake, anakaa zaidi ya mwaka mmoja bila kutumia chochote, akiwa na mlezi wa kumfuatilia ambaye mwenyewe aliwahi kuwa mraibu. Anakuja nyumbani kuwatembelea wadogo zake, siku inakuwa ya furaha kweli kweli. Muda mfupi baadaye anarudia tena, na safari hii vibaya kuliko mara zote. Mwishoni anazidisha kipimo, anaokolewa hospitalini, na tunamwona amekaa na baba yake, wote wawili wakilia. Maandishi ya mwisho yanatuarifu kwamba Nic wa kweli, wakati filamu inatoka, alikuwa ametimiza miaka 8 bila dawa.

Hicho ndicho kisa. Sasa tuyachukue mafunzo yake moja baada ya jingine.

FUNZO LA KWANZA: SI KILA MTOTO ALIYEPOTEA AMEPOTEZWA NA MZAZI WAKE

Sehemu kubwa ya filamu, baba anatafuta sababu. Anapekua daftari za mwanawe. Anakwenda kwa daktari kuuliza dawa hii inafanya nini katika ubongo. Anakumbuka siku ya talaka. Anakumbuka siku aliyokubali kuvuta bangi kidogo pamoja na mwanawe kwa kudhani ni urafiki. Anafika hadi kuionja dawa mwenyewe ili aelewe, jambo ambalo halimpi jibu lolote.

Filamu haimpi jibu moja, na huo ni ukweli wake wa kwanza. Baba huyu ana makosa yake, na lile la kuvuta pamoja na mwana ni kosa la wazi. Mlango mdogo ukiachwa wazi na mzazi, mtoto huuhesabu kuwa ni ruhusa. Hata hivyo wako wazazi waliofanya makosa makubwa zaidi na watoto wao hawakufika huko, na wako waliojitahidi kwa kila hali na watoto wao wakafika.

Katika mikutano ya familia za waraibu, ambayo baba huyu na mkewe wanahudhuria, wazazi wanafundishwa mambo matatu: hukuusababisha uraibu wa mwanao, huwezi kuudhibiti, na huwezi kuuponya wewe mwenyewe. Mtu anaweza kudhani haya ni maneno ya kujiliwaza tu. Turudi katika Surat Hud, kuanzia aya ya 42. Nabii Nuh, alayhis salaam, yuko ndani ya jahazi, mawimbi ni kama milima, anamwita mwanawe apande pamoja nao. Mwana anakataa, anasema atapanda mlima umkinge na maji. Wimbi likawatenganisha. Nani miongoni mwetu atathubutu kusema Nuh alikosea malezi? Naye Mtume wetu, swalla Allahu alayhi wasallam, aliambiwa katika Surat Al-Qasas aya ya 56 kwamba si yeye anayemwongoa ampendaye, bali Allah ndiye anayemwongoa amtakaye.

Kwa hiyo tunapomwona mama wa mwenzetu anakwepa macho ya watu msikitini kwa sababu ya mwanawe, tusimwongezee mzigo. Katika filamu kuna mama mmoja aliyefiwa na binti yake. Anawaeleza wenzake kwamba alikuwa ameshaanza kuomboleza miaka mingi kabla, binti akiwa bado hai. Wako akina mama katika miji yetu walio katika msiba wa namna hiyo, na hakuna anayekwenda kuwapa pole kwa kuwa hakuna jeneza.

FUNZO LA PILI: NI DHAMBI, NA NI MARADHI PIA

Watu hugombana hapa. Mmoja anasema uraibu ni maradhi, basi mtu asilaumiwe. Mwingine anasema ni maasi, basi mambo ya hospitali ni visingizio. Naona kila mmoja ameshika nusu ya ukweli.

Uharamu hauna mjadala. Surat Al-Maida aya ya 90 imeiweka khamri pamoja na kamari na masanamu, na imeamrisha tuyaepuke yote hayo. Mtume ametufundisha kwamba kila kinacholevya kina hukumu ya khamri, na wanazuoni wameingiza humo dawa za kulevya za zama zetu. Aliyeanza kwa hiari yake ana jukumu lake mbele ya Allah.

Hata hivyo tusikilize kile daktari anachomweleza baba katika filamu, kwa sababu ndicho kinachoeleza mengi tunayoyaona kwa macho yetu. Methamfetamini huufanya ubongo umwage kwa wingi sana kemikali iitwayo dopamini, ile inayotufanya tuhisi raha na hamu ya jambo. Dawa ikiisha, mtu anaanguka chini kuliko alipokuwa mwanzo. Akiendelea, ubongo wenyewe unaharibika katika sehemu zile zinazohusu raha, kumbukumbu na kujizuia. Chakula hakina ladha, mchezo wa mtoto hauchekeshi, hata ibada anaiona nzito na kavu. Akiacha, ubongo unaweza kurudi, lakini unahitaji miezi mingi, mara nyingine zaidi ya mwaka. Mtu huyu anapokwambia "sijisikii chochote" katika mwezi wa pili wa kuacha, anaweza kuwa anasema kweli tupu.

Kwa heroini, ambayo imewatesa sana vijana wa Pwani ya Afrika Mashariki, kuna kile wanachokiita arosto: maumivu ya mwili, kutapika, kuharisha, baridi na kukosa usingizi pale dawa inapokosekana. Aliyeiona arosto kwa macho hasemi tena kwamba huyu ni mvivu wa kuacha.

Mtume ametuamrisha kujitibu, na ametufundisha kwamba Allah hakuteremsha maradhi ila aliyateremshia na dawa yake. Kwa hiyo mraibu ana wajibu wa aina mbili kwa pamoja: kutubu kwa Mola wake na kutafuta tiba. Anayemwambia aswali tu bila kumpeleka kwa mtaalamu amempa nusu, na anayempeleka hospitali bila kumkumbusha Mola wake naye amempa nusu.

FUNZO LA TATU: KURUDIA HAKUFUTI TOBA ILIYOPITA

Hapa ndipo kwenye kiini cha somo letu.

Filamu nyingi za dawa za kulevya zina mpangilio mmoja. Kijana anaharibika, anafika chini kabisa, analia, anabadilika, muziki unapigwa, kwisha. Beautiful Boy imekataa mpangilio huo. Nic anaacha na kurudia, anaacha na kurudia. Na jambo la kuzingatia ni kwamba kila anapoacha, anaacha kweli. Machozi yake si ya kuigiza. Ule mwaka wa Los Angeles ulikuwa mwaka wa kweli. Siku ile anayocheza na wadogo zake ni furaha ya kweli, haikuwa hila. Halafu anaanguka. Filamu inatutaka tuyaamini yote mawili: ukweli wa kuacha kwake na ukweli wa kuanguka kwake.

Wanazuoni wetu walishalisema hili zamani. Imam An-Nawawi, katika Riyadhus Swalihin, ametaja sharti za toba: kuacha dhambi, kujuta kwa kuifanya, na kuazimia kutoirudia, na kama dhambi inahusu haki ya mtu, sharti la nne ni kumrudishia haki yake. Tuitazame vizuri ile sharti ya tatu. Ni kuazimia kutorudia, yaani hali ya moyo wakati wa kutubu. Haikusemwa kwamba sharti ni kutokuja kuanguka tena maisha yote. Aliyeazimia kwa dhati leo, toba yake ya leo imetimia. Akianguka baada ya mwaka, hiyo ni dhambi mpya inayohitaji toba mpya, nayo haiendi nyuma kuibatilisha ile ya kwanza.

Katika Bukhari na Muslim imo hadithi ya mja aliyefanya dhambi akaomba msamaha, akasamehewa. Akarudia, akaomba, akasamehewa. Akarudia tena, akaomba, akasamehewa. Kila mara Allah anasema kwamba mja wake amejua kuwa anaye Mola anayesamehe dhambi na anayeadhibu kwa dhambi. An-Nawawi, akiisherehesha hadithi hii, ameeleza kwamba hata dhambi ikijirudia mara 100 au 1,000, na mtu akatubu kila mara, toba yake inakubaliwa. Hii haina maana ya kuchezea msamaha. Anayesema moyoni "nitatumia leo, nitatubu kesho" hajaazimia kitu, na sharti ya tatu hanayo. Tunayemzungumzia ni yule anayepigana na kushindwa, kisha akainuka kupigana tena.

Ipo na hadithi nyingine, nayo ndiyo ambayo ningependa kila mmoja wetu aihifadhi. Imepokewa na Bukhari kutoka kwa Umar bin Khattab. Zama za Mtume alikuwapo mtu aitwaye Abdullah, mwenye lakabu ya Himar, aliyekuwa akimchekesha Mtume. Mtu huyu alikuwa akinywa pombe, na alishaadhibiwa kwa ajili hiyo. Siku moja akaletwa tena, akapigwa. Mmoja wa waliokuwapo akamlaani, akisema ni mara nyingi mno anazoletwa. Mtume akakataza asilaaniwe, akaeleza kwamba mtu huyo anampenda Allah na Mtume wake. Na katika upokezi wa Abu Huraira, juu ya mlevi mwingine aliyeombewa fedheha, Mtume aliwakataza Maswahaba wasimsaidie shetani dhidi ya ndugu yao.

Tuzingatie mambo mawili katika kisa cha Abdullah. Kwanza, adhabu haikufutwa. Hakuna aliyesema kwamba kwa kuwa ni mcheshi na anapendwa basi aachwe. Pili, kule kurudia kwake kwingi hakukuchukuliwa kuwa ni ushahidi kwamba hana imani. Yule aliyemlaani alifanya hesabu ileile tunayoifanya sisi hosteli: karudia mara nyingi, basi ni mwongo. Mtume akaikataa hesabu hiyo.

Nalisema hili kwa uchungu kidogo, kwa sababu nililiona kwa karibu. Yuko kijana niliyemfahamu kabla sijaja chuo, aliyeacha dawa katika Ramadhani na kuadhiniwa sifa msikitini kana kwamba ameshashinda vita. Alisimamishwa atoe ushuhuda, akapewa kanzu. Mwezi wa pili baada ya Idi akarudia. Walewale waliompa kanzu wakawa wanamtania njiani wakimwita sheikh. Aliacha kuja msikitini kabisa, kwa aibu. Dawa ilimtoa katika afya yake, lakini sisi watu wa safu ndio tuliomtoa msikitini. Na jambo la kwanza tulilomfanyia lilikuwa na madhara sawa na la pili: tulimpandisha mimbari mapema, tukafanya kuanguka kwake kuwe ni mbele ya watu wote.

FUNZO LA NNE: KUPENDA SI KUTOA FEDHA

Kuna wakati katika filamu baba na mwana wanakutana mkahawani. Mwana anataka fedha. Anatoa sababu, anabembeleza, anakasirika, anamwambia baba kwamba amechoka kudhibitiwa. Baba anamkatalia fedha, lakini anamsihi arudi nyumbani, amsaidie kutibiwa. Mwana anaondoka.

Baadaye yanakuja makubwa zaidi. Nic na msichana anayetumia naye wanavunja na kuingia nyumbani kwa baba yake. Tayari huko nyuma ameshachukua mpaka akiba ndogo ya mdogo wake. Mke wa baba, aliyemlea kama mwanawe, anawafukuza kwa gari huku analia, kisha anasimamisha gari. Na mwana anapopiga simu akitaka kurudi nyumbani bila tiba, baba anasema hapana. Mtazamaji anaweza kumwona baba huyu ni katili. Lakini nyumbani kuna watoto wawili wadogo, na kila fedha na kila chumba alichopewa kijana hapo nyuma vilimrudisha kwenye dawa.

Uislamu unatufundisha kumsaidia ndugu yetu akiwa amedhulumiwa na hata akiwa anadhulumu, na Mtume alipoulizwa vipi tumsaidie anayedhulumu, alieleza kuwa ni kwa kumzuia na dhulma. Kumnyima mraibu fedha taslimu ni kumsaidia kwa maana hii. Mpe chakula, mpe nauli kwa kumlipia mwenyewe gari, mpe muda wako, mpeleke kliniki. Fedha mkononi ni kumnunulia dawa.

Lakini kuna hatari ya upande wa pili: kusema "nimemwachia Allah" huku ukiwa umeshamtupa. Tuitazame hali ya Nabii Yaaqub katika Surat Yusuf. Alisubiri subira njema, na bado alilia mpaka macho yakawa meupe kwa huzuni. Hakumkata Yusuf moyoni kwa miaka yote hiyo, na katika aya ya 87 akawatuma wanawe wakamtafute Yusuf na nduguye, akiwakataza wasikate tamaa na rehema ya Allah. Yusuf hakuwa mkosa, hilo tunalijua. Tunachokichukua ni namna baba anavyobeba huzuni: hakulazimisha asiloliweza, na mlango hakuufunga. Baba wa filamu naye alikataa simu ile, lakini hospitali ilipomwita, alikwenda.

FUNZO LA TANO: ANAYEHAMA HUPONA KWA WEPESI ZAIDI

Nic anakaa salama muda mrefu zaidi pale anapokuwa na watu wanaojua anachopitia: mikutano, na mlezi anayeendesha naye baiskeli na kupokea simu zake. Anapokutana tena na yule msichana wa zamani, yote yanabomoka haraka.

Kumbukeni hadithi ya mtu aliyeua watu 99, iliyopokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Said Al-Khudri. Mcha Mungu asiye na elimu alimwambia hana toba, akamuua naye wakatimia 100. Kisha akamwendea mwanachuoni. Mwanachuoni huyo alimwambia toba ipo, na hakuishia hapo. Alimwelekeza aondoke katika nchi yake, kwa kuwa ni nchi mbaya, aende mahali fulani penye watu wanaomwabudu Allah, aishi nao. Alimpa matumaini, na alimpa anwani.

Nyumba za upataji nafuu zilizoenea Zanzibar na miji mingine ya Pwani zinafanya kazi inayofanana na hiyo: kijana anaondoka maskani, anaishi na wenzake wanaoacha, chini ya usimamizi wa watu wengi wao wakiwa walishapitia hali hiyo. Tiba ya hospitali nayo ipo. Kwa waraibu wa heroini, Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kutoa methadoni mwaka 2011, na Kenya ikafuata baadaye. Hapa Uganda, Hospitali ya Taifa ya Butabika, Kampala, ina kitengo maalumu cha pombe na dawa za kulevya. Anayetumia methadoni kwa usimamizi wa daktari asiambiwe kwamba bado analewa. Yuko katika tiba. Kwa methamfetamini hakuna dawa mahsusi ya namna hiyo, na tegemeo kubwa ni ushauri nasaha na mazingira mapya, ndiyo maana njia ya Nic ilikuwa ndefu.

PALE FILAMU INAPOPUNGUKIWA

Haki ni kusema pia upungufu wake. Familia ya filamu ina uwezo: nyumba nzuri, bima, vituo vya kulipia, tiketi za ndege. Mama muuza mboga wa mjini kwetu hana hata kimoja. Filamu pia inamtazama sana baba na inawapita haraka wadogo wa Nic, ilhali wao ndio walioumia bila kuelewa. Na ile nguvu ambayo Muislamu anaishika anapolala saa 9 za usiku bila usingizi, yaani kumlalamikia Mola wake kwenye sijda, haimo. Hilo tutalitoa sisi wenyewe.

TUFANYE NINI HAPA CHUONI

Kwanza, tuache lakabu. Neno "teja" likitoka kinywani mwetu kwa mzaha, wa kwanza kulisikia ni yule anayejificha safu ya nyuma. Na tusidhani wanafunzi wenzetu wamesalimika. Mirungi, ambayo hapa huitwa mairungi, na vidonge vya kukesha wakati wa mitihani, ni milango ileile.

Pili, tumsitiri. Aliyetuambia siri yake asije akaisikia kwenye kundi la WhatsApp. Lakini sitara haina maana ya kuacha mtu afe. Katika filamu, msichana anapozidisha kipimo, Nic anaita gari la wagonjwa na kumfufua pumzi mpaka wauguzi wanafika, ijapokuwa yeye mwenyewe yuko hatarini kukamatwa. Ukimkuta mwenzako hapumui vizuri, mdomo umebadilika rangi, haamki, ita msaada papo hapo. Mlaze ubavu ikiwa anapumua. Aibu ina kesho, roho haina.

Tatu, tusiwafanye waliotubu kuwa maonesho ya Ramadhani. Waketi nasi kama wengine. Wakitaka kusimulia, watasimulia kwa wakati wao.

Nne, awepo mtu mmoja wa kupigiwa simu. Mraibu anayeacha hahitaji watu 40 wa kumnasihi, anahitaji wawili au watatu wanaopokea simu usiku. Akirudia, wasiulize "kwa nini umetuangusha?" Waulize "uko wapi, nije?"

MASWALI YA KUJADILI KATIKA HALAKA

1. Kuna tofauti gani kati ya anayerudia dhambi kwa kuchezea msamaha na anayerudia huku anapigana nayo? Je, sisi tulio nje tuna njia ya kuwatofautisha?
2. Katika kisa cha Abdullah aliyeitwa Himar, adhabu na mapenzi vilikutana. Ni vipi uongozi wa hosteli na wanafunzi wanaweza kuyaweka yote mawili?
3. Mzazi anafika lini mahali pa kumwambia mwanawe asirudi nyumbani mpaka akubali tiba? Nani alindwe kwanza?
4. Katika miongozo ya jumuiya yetu, yuko nani ambaye mwanafunzi anayeacha dawa anaweza kumpigia usiku huu?

Swali la nne lisijibiwe kwa maneno. Lijibiwe kwa jina na namba ya simu, kabla halaka haijafungwa.

Allah katika Surat Az-Zumar aya ya 53 anawaita waja wake waliojidhulumu nafsi zao, na anawakataza kukata tamaa na rehema Yake. Ikiwa Yeye hakuwakatia wao tamaa, sisi tunaikata kwa idhini ya nani? Tunamwomba awaponye ndugu zetu waliofungwa na dawa hizi, awape subira wazazi wao, na asitufanye sisi kuwa wasaidizi wa shetani dhidi yao. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.